Goma Ilivyotazamwa Kutoka Angani

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, anga la Goma, jiji la mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, liligeuka jekundu. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imepasuka ubavuni, na lava ikateremka hadi vitongoji vya kaskazini, ikameza nyumba na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Waliokumbuka mwaka 2002, lava ilipolikata jiji hadi Ziwa Kivu, hawakungoja kuambiwa. Walijitwika magodoro, wakawashika watoto mkono, wengi wakielekea mpaka wa Rwanda.

Lava ilitulia, ardhi haikutulia. Matetemeko yaliendelea na nyufa zikatokea barabarani. Chini kulikuwa na nini?

Setilaiti zilisaidia kujibu. Sentinel-1 ya Ulaya, inayozunguka takriban kilomita 700 juu yetu, haipigi picha kama kamera ya simu. Hurusha mawimbi ya rada na kupokea mwangwi wake, usiku na mchana, mawingu yawepo yasiwepo. Na Goma mawingu hayakosekani. Wataalamu hulinganisha vipimo vya siku mbili tofauti, na ardhi iliyosogea hata sentimita chache hujitokeza kama mistari ya rangi. Safari hii mistari ilionyesha kuwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, imejipenyeza chini ya jiji lenyewe hadi chini ya ziwa. Tarehe 27 Mei, mamlaka ziliamuru sehemu ya Goma ihamwe.

Magma hiyo haikutoka. Hata hivyo, rada hii ya ajabu ya setilaiti ina mpaka wake: kabla ya mlipuko, haikuonyesha ardhi ikivimba.