Fahamu namba tasa yenye tarakimu milioni 41
Namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024 kuwa kubwa kuliko zote zilizojulikana ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1. Ina tarakimu 41,024,320, na aliyeigundua ni Luke Durant wa Marekani kupitia GIMPS, mradi wa kutafuta namba tasa kama hii. Namba tasa za umbo hili huitwa za Mersenne. Kipeo cha kila moja lazima nacho kiwe tasa, ingawa sharti hilo halitoshi: kipeo cha 11 huleta 2,047, yaani 23 mara 89. La kupendeza zaidi, kila namba tasa ya Mersenne huzaa namba kamilifu, iliyo sawa na jumla ya vigawanyo vyake vidogo. Kwa mfano, kutokana na 7 (2 kwa kipeo cha 3, ukitoa 1) hupatikana 28, kwa kuwa 1, 2, 4, 7 na 14 zikijumlishwa ni 28.