Kwa Nini Pikipiki za Umeme Hazijaenea?

Wahenga hawakukosea waliponena: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii nimeielewa kupitia kwa kaka yangu, mwendeshaji wa bodaboda. Karo yangu hutoka kwa pikipiki yake.

Mnamo Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua pikipiki za umeme mjini Mombasa. Uzuri wake hauna ubishi: hazitoi moshi wala kelele nyingi. Isitoshe, petroli tunaagiza kutoka ng'ambo, ilhali stima yetu nyingi hutokana na mvuke wa Olkaria, maji na upepo.

Basi mbona kaka bado ananunua petroli? Kwanza ni pesa. Hajamaliza kulipa mkopo wa pikipiki aliyo nayo, ataanzaje mwingine? Pili ni betri. Ikiisha, mwendeshaji huenda kituoni akabadilishiwa nyingine kwa dakika chache tu. Lakini vituo vingi viko mijini, na betri ya kampuni hii mara nyingi haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Petroli nayo utaipata hata kwa chupa kando ya barabara.

"Nikizimikiwa huko mashambani nikiwa nimebeba abiria, nitafanyaje?" huniuliza. Nami hukosa jibu, kwa maana siku asiyofanya kazi hata sufuria kwetu hujua.

Kwa hivyo, tusiwacheke waendeshaji bodaboda kwamba wanaogopa mambo mapya. Kampuni zikikubaliana kutumia betri za aina moja, na vituo vikifika vijijini, kaka atakuwa wa kwanza kupiga foleni.