Kuwakumbuka Waliozama Ziwani: Mnara au Mchoro wa Mchangani?

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na Swahaba zake. Ama baad:

Tumeulizwa na familia iliyofiwa katika ajali ya MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu kabisa na gati ya Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Vijana wao hawataki kuchangia mnara. Wanataka kuandika mchangani, ufukweni, majina ya waliozama, kisha mawimbi yayafute. Je, inafaa?

Mwanza wana msiba mwingine mkubwa, wa MV Bukoba, 21 Mei 1996, na mnara wake upo Igoma kwenye makaburi. Nasi Unguja na Pemba tunayo ya MV Spice Islander (2011) na Skagit (2012). Tunajua uzito wa kumngojea maiti asiyepatikana.

Kulijengea kaburi kumekatazwa katika hadithi ya Jabir (RA) iliyomo katika Sahihi Muslim. Alama inaruhusiwa; Mtume (SAW) aliweka jiwe kwenye kaburi la Uthman bin Madh'un ili alitambue, kama alivyopokea Abu Daud.

Mnara ulio mbali na makaburi una suala jingine. Ibn Abbas (RA) ameeleza, katika Bukhari, kuwa masanamu ya watu wa Nuh yalianza kama ukumbusho wa watu wema. Walipoondoka waliojua sababu yake, yakaabudiwa. Kwa hiyo hoja ya vijana ina msingi: kinachofutika leo hakirithiwi na asiyejua kilichowekewa.

Lakini majina! Ukiandika Abdallah au Abdulrahman mchangani, jina la Mola litakanyagwa na watu na mbuzi kabla wimbi halijafika. Hilo halifai. Wala wasichore sura za watu. Wakichora mashua tupu au mistari kwa idadi ya wafu wao, bila kuitakidi kuwa ni ibada, sioni kizuizi.

Hata hivyo maiti hafaidiki na mstari. Aliyezama, Muislamu, anatarajiwa daraja ya shahidi, na anachohitaji ni dua na sadaka. Saad bin Ubada (RA) alimchimbia mama yake kisima. Huko ziwani, ambako kichocho kimewasumbua watoto wengi, kisima cha maji safi kina maana kubwa. Au nunueni majaketi ya kuokolea maisha muyaweke kwenye mitumbwi ya kijiji. Nayo huchakaa, ila thawabu yake imeshaandikwa.

Wallahu a'lam.