Kabla ya Kukisifu Kiti, Kipindue

Je, mpenzi msomaji, mwanao anasomea useremala katika chuo kimojawapo cha Thika au Ruiru, na umealikwa kutazama samani walizobuni wanafunzi? Nenda. Lakini usivutwe na vanishi. Kipindue kiti ukitazame chini, maana huko ndiko fundi anakojulikana.

Ukisoma kikaratasi cha mbele ya kazi kwamba imejali mazingira, muulize aliyeitengeneza: mbao ni ya mti gani, na ulikatwa wapi? Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na hadi Rais alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, miti ya mashambani ilikuwa imezidi kutafutwa. Mmoja wao ni mgrevilea, ule ambao wenyeji wa Kiambu huuita mukima. Asili yake ni Australia, na huku ulipandwa kuitilia kahawa na majani chai kivuli. Mbao yake ina madoadoa ya kupendeza, na kuipaka rangi nzito ni kuionea.

Ubaya uko katika haraka yetu. Mti huangushwa Jumatatu na Ijumaa umekuwa meza! Mbao mbichi hunywea na kujipinda inapokauka. Mimi mwenyewe niliwahi kununua kabati kando ya barabara. Kufika mwezi wa tatu, milango ilikataa kufungika na watoto wakawa wanaifunga kwa kamba ya viatu. Kwa hiyo uliza pia mbao ilikaushwa kwa muda gani. Inafaa ipangwe kivulini kwa miezi, vijiti vikitenganisha ubao na ubao ili hewa ipite.

Wengine hutumia paleti, zile mbao za kubebea mizigo. Ni vizuri, lakini tafuta muhuri. Herufi HT maana yake zilitibiwa kwa joto. MB ni kwamba zilifukiziwa dawa yenye sumu ya kuulia wadudu; dawati la mtoto lisitoke huko.

Sasa chunguza viungo. Je, ni misumari na gundi tupu, au ulimi wa mbao umeingizwa tunduni, au kuna skrubu zinazofunguka? Mwanafunzi akikuonyesha namna ya kubadilisha mguu mmoja bila kukitupa kiti kizima, muulize bei.