Tathmini ni mbili, tusichanganywe

Siasa ikifika kwa watu wenye ulemavu, neno "tathmini" linarushwa ovyo. Watu wangu, ni mbili tofauti.

Ya kwanza ni ya madaktari hospitalini. Ndiyo inakufungulia kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu.

Ya pili ilikuja SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, Oktoba 2024. Asiye na mshahara anaulizwa kuhusu nyumba na mali, kisha anapangiwa malipo, si chini ya Sh300 kwa mwezi.

Hapa Ogembo nyumba yetu ni ya mabati, kwa macho tuko sawa. Lakini ndugu yangu hatembei. Kila kliniki tunakodi gari.

Mwanasiasa akijisifu wamesajili wangapi, muulize: gharama ya ulemavu imehesabiwa wapi?