Utatu na Watatu

Mjini Kasongo, Maniema, Mkristo anaweza kuitwa Ramazani, Amisi au Salumu na hakuna anayeshangaa. Mji ulikuwa wa mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu hadi Dhanis, kamanda wa Kibelgiji, alipouteka Aprili 1893. Bendera zikabadilika, majina yakabaki. Ramazani huyo anapiga ishara ya msalaba Jumapili, kisha anakwenda kula kwa mjomba wake aliyeswali Ijumaa. Kuhusu Utatu, hao wawili walishazoeana: mjomba anasema Mungu hana mshirika, mpwa anajibu kwamba hajamwongezea yeyote, wanapitishiana maji ya kunawa. Mabishano makali huja pale Ramazani anapokutana na Mkristo mwenzake anayeukataa Utatu.

Hoja ya kwanza ya mwenzake huwa kwamba neno Utatu halimo katika Biblia. Ni kweli, na Kabambare, mji mwingine wa Maniema, ingeweza kutoa shahidi. Mmishonari Livingstone alifika hapo, wakati huo pakiitwa Bambarre, Septemba 1869, na vidonda vya miguu vikamlaza kuanzia Julai hadi Oktoba 1870. Aliyesafiri naye ni Mohamed Bogharib, mfanyabiashara Mwislamu. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba akiwa Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Mara zote nne hakukutana na neno hilo. Aliyekipa Kilatini neno trinitas ni Tertullian wa Carthage, Mwafrika, na Arius aliyezua mtafaruku mkubwa zaidi alikuwa padri wa Alexandria. Anayeuita ugomvi huu wa kizungu ameukosea anwani.

Arius alifundisha kwamba Mwana aliumbwa, na mwaka 325 maaskofu waliokutana Nicaea wakamkatalia. Ubishi uliofuata ulifika hadi kwenye herufi moja ya Kigiriki: Mwana ni wa asili ileile na Baba, au ya kufanana naye? Watu hucheka wakisikia maaskofu waligombana kwa herufi. Wasicheke sana. Huku kwetu nasi ugomvi umesimama juu ya silabi moja, ila hatujaitazama vizuri.

Utatu una u-, kama umoja, utu, upendo. Ni neno la umoja, na kitenzi chake hufuata: Utatu unaabudiwa. Watatu wana wa-, na hao ni watu wa kuhesabiwa kwa kidole. Anayempinga Mkatoliki humsikia akisema wa-. Na mara nyingi Mkatoliki, akibanwa, hujitetea kwa wa-. Mwalimu wa wakatekumeni anachora mafiga matatu ubaoni, chungu kimoja juu yake. Watoto wanaelewa mara moja, na hilo ndilo tatizo: wameelewa miungu watatu wanaosaidiana kupika. Akitambua kosa, anafuta mafiga na kusema mtu mmoja anaweza kuwa baba nyumbani, mwalimu shuleni na mwimbaji kanisani. Hapo amefundisha kosa la Sabellius, la kuwafanya watatu kuwa sura za mmoja tu, lililokataliwa tangu karne ya 3. Mafundisho mawili yaliyokatazwa kwa kipande kimoja cha chaki.

Neno la kumwokoa analo tayari, nalo ni nafsi. Lina mzigo, nakubali. Kwa mjomba Mwislamu, nafsi ndiyo ile ya kupigana nayo isikutawale, kwa hiyo kusikia kwamba Mungu ana nafsi tatu kunamshtua maradufu. Lakini mtoto aliyejifunza sarufi analijua vingine: nafsi ya kwanza ni mimi, ya pili ni wewe, ya tatu ni yeye. Nafsi ni anayesema, anayesemeshwa, anayesemwa. Haielezi fumbo lote, ila inaonyesha kwamba tatu hapa inahesabu uhusiano, wala haihesabu vitu. Mafiga hayasemezani.

Mashahidi wa Yehova wanayakataa yote hayo, na wanatafsiri kwa bidii. Wana hata machapisho ya Kiswahili cha Kongo. Kiingereza chao, mwanzoni mwa Injili ya Yohana, kinamfanya Neno kuwa "mungu fulani" kwa kutumia kibainishi kidogo ambacho Kiswahili hakina. Basi katika Kiswahili wakabaki na dawa moja: m ndogo. Fundisho zima likaegemea herufi ambayo sikio halisikii. Ukimsomea bibi asiyejua kusoma, atatikisa kichwa kukubali, Mkatoliki kama alivyokuwa.

Kitawala, dini ambayo jina lake lilitoka kwa Watch Tower, shirika la Mashahidi, na kunasa kwenye kitenzi kutawala, ni jambo jingine, na Mashahidi wenyewe hawaitambui. Wafuasi wa kiongozi wake Bushiri Lungundu walipoinuka mwaka 1944 pande za Masisi na Lubutu, Wabelgiji hawakuwakandamiza kwa ajili ya Arius. Mtawala husamehe upesi kosa la kumhesabu Mungu kuliko kosa la kutomhesabu mtawala. Rais Mobutu naye aliwapiga marufuku Mashahidi mwaka 1986, hadi mahakama kuu ilipofuta amri hiyo mwaka 1993.

Kuna pia watu wa Ujumbe, wafuasi wa William Branham, Mmarekani aliyefariki Desemba 1965, ambao Kongo inao wengi. Hoja yao ni ya kisarufi kuliko zote. Yesu aliagiza kubatiza kwa jina, wanasema, si kwa majina. Na Baba si jina, ni cheo. Kwa hiyo jina ni Yesu, na aliyebatizwa kwa Utatu arudi majini. Jibu la kuwapa lipo kinywani mwa kila mtoto wa Maniema: baba yake hamwiti kwa jina lake, anamwita Baba, na baba anaitika. Lakini wameona sawasawa kwamba jina ni moja. Ndivyo Wakatoliki wasemavyo pia, kila wanapogusa paji la uso.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wa dini wa Kasongo na Kabambare. Mafiga yaachieni jikoni. Andikeni ubaoni u- na wa-, chini yake mimi, wewe, yeye, na mwacheni mtoto aulize.