Baiskeli yafichua siri ya maziwa ya Singida

KWA abiria wengi wa mabasi yaendayo Mwanza kutoka Dar es Salaam, Singida ni mahali pa kunyoosha miguu, kununua kuku wa kienyeji na kuendelea na safari. Maziwa mawili yaliyoukumbatia mji huo hubaki nyuma, na wengi hufika waendako bila kujua kuwa wameyapita.

Maziwa hayo ni Singidani, lililo upande wa kaskazini wa mji, na Kindai, lililo upande wa kusini. Yote mawili yana maji ya chumvi. Umbali kati yake ni mdogo kiasi kwamba mwenye baiskeli aweza kuyafikia yote kwa siku moja na kurejea mjini kabla ya jua kuzama.

Mgeni anayepita kwa baiskeli hamshangazi mtu. Katika mkoa huu baiskeli ni chombo cha kazi: hubeba matenga ya kuku, magunia ya alizeti na madumu ya maji. Kinachotarajiwa kwa mgeni ni kushuka, kusalimia na kuuliza njia kabla ya kukatiza mashamba ya watu.

Safari yafaa ianze alfajiri. Sababu ya kwanza ni jua. Ya pili ni upepo, ambao wakati wa kiangazi huvuma kwa nguvu kutoka mashariki na kusini-mashariki. Ndio upepo uliowavuta wataalamu wa nishati kuupima mkoa huu katika miaka ya 2000 kwa nia ya kuzalisha umeme. Mwendesha baiskeli mwerevu huukabili asubuhi akiwa na nguvu, ili jioni umsukume kurudi.

Mahitaji mengine ni pampu, viraka na gundi, kwa kuwa miiba ya migunga haina huruma na matairi. Maji ya kunywa hayana budi kubebwa, maana ya ziwani hayanyweki.

Mawe na ndege

Kinachomlaki mgeni kwanza ni mawe. Majabali ya matale yamerundikana ufukweni, na mengine yamechomoza majini mfano wa visiwa vidogo. Mwamba huo ni sehemu ya uti wa kale wa bara la Afrika, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Maji yalipenya katika nyufa zake, yakala kingo polepole, udongo uliozunguka ukachukuliwa na mvua, na mawe yakabaki yakiwa ya mviringo, moja juu ya jingine.

Ndege ndio hazina ya pili. Hapa huonekana mwari pamoja na heroe, ambao wengi huwaita flamingo. Heroe wadogo hula mimea midogo mno inayoota katika maji ya magadi na chumvi, na rangi yao ya waridi hutokana na chakula hicho. Hawakai mahali pamoja. Huhama kutoka ziwa hadi ziwa kwa kufuata chakula, na mazalia yao makuu Afrika Mashariki ni Ziwa Natron. Maziwa madogo kama ya Singida ni vituo vyao vya kula na kupumzika. Baiskeli isiyo na mngurumo humwezesha mtu kuwasogelea, lakini adabu ni kusimama mbali, kwani kila wanaporushwa hupoteza nguvu walizozitafuta kwa kutwa nzima.

Maji yasiyo na pa kutokea

Siri ya maziwa haya ni kwamba hayana mto wa kuyatoa maji yake. Mvua, ambayo kwa kawaida mkoani hapa ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, huingiza maji yenye chembe za chumvi kutoka katika mawe na udongo. Jua na upepo huyachukua maji yakawa mvuke, chumvi ikabaki. Ni kama sufuria ya maji ya chumvi iliyosahauliwa jikoni: kadiri yanavyokauka ndivyo yanavyozidi ukali.

Hapo ndipo hatari ilipo. Ziwa lisilo na pa kutokea hutunza kila linachopewa. Mto huweza kusukuma uchafu ukaenda mbali. Ziwa kama Singidani au Kindai haliwezi. Mfuko wa plastiki, mafuta ya gari lililooshwa ufukweni, maji machafu ya mitaro na udongo wa mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, vyote huishia humo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hata hivyo, ukingo wa ziwa lenye kina kifupi hauko mahali pamoja. Mwaka wa ukame maji hurudi nyuma, na aliyejenga au kulima kwa kuhesabu mita zake siku hizo aweza kujikuta majini mvua zikikolea.

Mambo haya hayaonekani kwa kasi ya basi. Anayepita taratibu huona mahali shamba linapokoma, mtaro unapomwagia na ndege wanapopakimbia.

Kufika Singida si kazi ngumu tena. Treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024 humfikisha msafiri Dodoma kutoka Dar es Salaam, na kutoka hapo husalia takriban kilometa 240 za lami. Anayekwenda na arudi na taka zake mkobani, kwa sababu akiziacha kule, ziwa halina pa kuzipeleka.